Vitone Vitatu kwenye Fremu

Vijana wangu, nasikia mnasema kwamba kustaafu kumenifanya mkali. Huko ni kuuonea ukweli. Nilikuwa mkali kwa miaka thelathini na minne kabla ya kustaafu, na mashahidi wapo. Baadhi yao hadi leo huvuka barabara wanaponiona.

Nilikuwa fundi wa pikipiki, na hatimaye msimamizi wa karakana, katika shirika moja la afya hapa Arua. Pikipiki zetu zilikwenda kila mahali ambapo gari lilikata tamaa. Ninyi mnaziita pikipiki za adventcha na kuzitazama kwenye simu kama watu wanaochagua mchumba. Sisi tuliziita pikipiki za barabara mbovu, na kwa kuwa barabara zote zilikuwa mbovu, tukafupisha: pikipiki.

Haipiti wiki bila kijana mmoja kufika kwangu Pajulu, simu mkononi, picha tayari.

"Mzee, angalia hii. Iko safi, ama?"

Naangalia. Ni picha ya pikipiki iliyooshwa. Katika maisha yangu yote sijaona picha inayovuja oili.

"Iko safi," namjibu. "Hongera. Simu yako ni nzuri sana."

Kisha hunisomea sifa. Injini haijafunguliwa hata mara moja! Hutamkwa kwa fahari, kama mtu anayejisifu kwamba tangu azaliwe hajapiga mswaki. Na mwenyewe wa zamani alikuwa nani? Alikuwa sista. Daima ni sista, naye alikwenda kanisani tu. Kama wauzaji wote wa pikipiki kuanzia Inde hadi Koboko wangekuwa wakweli, masista wa West Nile wangekuwa wengi kuliko waumini, na kila mmoja angekuwa na pikipiki sita, zote za kwenda kanisani.

Aliyenifundisha kazi alikuwa fundi kutoka ng'ambo ya mpaka, upande wa Kongo, Papa Anguandia. Alikuwa mtu mfupi, mwenye vidole vinene kama karoti, na alikuwa na tabia iliyowakera wateja wote. Mteja alipoanza kueleza ubovu wa pikipiki yake, Papa alitoa pamba mfukoni, akaziba sikio la kulia, akaziba la kushoto, ndipo akainama kwenye injini. Akimaliza, alitoa pamba na kusema, "Sasa sema. Mimi najua tayari, lakini sema, usikae na uchungu."

Siku moja nilimuuliza kama haoni kwamba anawadharau watu.

"Mutu anasema uongo," alinijibu. "Saa ingine hata yeye hajui ni uongo. Bolti haina mudomo. Anza na bolti."

Hiyo ndiyo elimu yangu yote. Vyeti vilivyofuata vilinisaidia kupanda cheo.

Kwa kuwa mnauliza, na kwa kuwa fedha mliyo nayo inatosha kukosea mara moja tu, nitawaeleza machache. Gusa injini kabla ya salamu kuwa ndefu. Ikiwa ya moto, mwenye nyumba ameiwasha kabla hujafika, si kwa upendo, bali kwa sababu injini iliyochoka huficha uchovu wake ikipata joto. Mwambie utasubiri ipoe. Akisema ana safari, mtakie safari njema. Gonga spoki moja moja kwa spana: zilizokaza hulia, iliyolegea huguna. Shika gurudumu la nyuma ulitikise kulia na kushoto. Likicheza, mkono wa nyuma unaolishika kwenye fremu umekwisha. Kisha uliza vipuri vyake vinauzwa wapi. Pikipiki ambayo kichujio chake cha oili kinapatikana Kampala tu si pikipiki, ni sababu ya kwenda Kampala.

Na uikalie. Naona aibu kulazimika kusema hili. Yupo jirani yangu hapa Pajulu, mwalimu mwenye digrii, aliyenunua pikipiki ndefu kwa sababu alisikia kwamba ndefu hupita majini. Ni kweli hupita. Lakini miguu yake haifiki chini, na hadi leo husimama tu mahali penye kichuguu. Wanafunzi wake wanajua vichuguu vyote vya njia ile. Humngojea hapo wakitaka kumuuliza maswali.

Jambo la mwisho ni gumu kuliko yote: usile. Sisi watu wa huku tumelelewa vizuri, na malezi hayo yametununulia pikipiki nyingi mbovu. Unafika kwa mtu, anakuwekea maji ya kunawa, kuku na kalo, ule ugali wetu wa ulezi. Ukishakula kuku wa mtu, huwezi tena kumwambia kwamba beringi zake zimekufa. Utasema, "Iko na tatizo kidogo tu." Utainunua. Nimeona daktari mzima akinunua injini yenye ufa kwa sababu ya firigisi. Kagua kwanza, chai baadaye. Watakuita mtu asiye na adabu. Wenzako watembeao kwa miguu wana adabu nyingi sana.

Sasa nitawaeleza habari ya Koboko, kwa sababu najua mmekwisha kuisikia, na mlivyoisikia sivyo.

Letaru ni mjukuu wa marehemu kaka yangu. Amesomea udaktari wa mifugo, naye mwaka huu alipata kazi ya kuchanja mbuzi na ng'ombe katika vijiji vya Midia, karibu na mpaka. Barua ilisema aripoti Jumatatu akiwa na pikipiki yake mwenyewe inayofaa njia za huko. Asipokuwa nayo, nafasi itapewa anayefuata. Alikuwa na akiba ya miaka minne ya vibarua na ufuta wa mama yake. Ilitosha pikipiki moja. Haikutosha pikipiki moja na majuto.

Alikuja Alhamisi asubuhi. Nilisubiri atoe simu. Hakutoa.

"Babu, kuna moja iko Koboko, kwa Hajji mmoja mfanyabiashara. Sijui kama ni nzuri. Twende ukaiangalie."

Sijui kama ni nzuri! Miaka mingi nilikuwa nikingoja kijana aseme maneno hayo. Nilichukua kofia na mfuko wa spana kabla hajabadili mawazo.

Hajji Rajabu alitupokea uani kwake, mzee mwenzangu wa kizazi cha askari wa zamani wa Sudani, kanzu nyeupe, sauti ya mtu aliyezoea kutii na baadaye kutiiwa. Chai ya tangawizi ilikuwa mezani tayari, na sahani ya mandazi iliyofunikwa kitambaa.

"Karibu, mzee. Karibu, binti. Kaa, kunywa kwanza."

"Nashukuru, Hajji. Nitakunywa baada ya kuiona."

"Chai haina macho, mzee. Haitaona pikipiki."

"Ndiyo maana nangoja niione mimi."

Alicheka, lakini hakufurahi. Akatupeleka chini ya kibanda cha mabati. Ilikuwa nyeupe, ya kimo cha kadiri. Letaru aliikalia na nyayo zote mbili zikagusa ardhi. Injini ilikuwa baridi. Iliwaka kwa teke la pili na kutulia bila moshi. Spoki zililia zote. Nilianza kuingiwa na wasiwasi, maana sina mazoea ya kufurahi.

"Iko tairi mpya mbele," alisema Hajji.

Vijana, tairi jipya ni jambo jema, lakini pia ni shahidi aliyeondolewa. Ulizeni la zamani liko wapi. Sikuuliza, kwa kuwa nililiona: lilikuwa juu ya paa la jiko, limelalia bati lisipeperuke. Hata kutoka chini niliona kwamba upande wake mmoja ulikuwa umelika hadi kwenye nyuzi, na mwingine ulikuwa na meno bado.

"Na hii," Hajji akaendelea, "haina sista, haina padre. Mimi si mutu ya uongo. Hii ilikuwa chini ya yule fundi ya Arua. Fundi Ezati. Ulisikia yeye?"

Letaru alifungua mdomo. Nikamtazama, akaufunga.

"Nimesikia jina," nikasema.

"Yule mutu alikuwa mukali kama pilipili. Akiangalia pikipiki, akiona iko sawa, anapiga vidoti tatu. Ona hapa." Alisugua kwa kidole shingo ya fremu, mahali usukani unapoingia. "Moja, mbili, tatu. Pikipiki ya vidoti tatu, Koboko hapa, mutu hata haulizi. Sasa hakuna tena. Fundi alikufa."

"Alikufa?"

"Zamani. Pombe."

"Pombe," nikarudia. Mimi ambaye sijaonja hata kwete ya arusi yangu mwenyewe.

"Wanasema," alisema Hajji kwa huruma.

Letaru aligeuka kutazama ukuta, mabega yakimtetemeka.

Nilivaa miwani nikainama. Ni kweli kwamba nilikuwa na desturi hiyo. Nilipokagua fremu na kuridhika, nilipiga vitone vitatu kwa panchi na nyundo ndogo, ili mwenzangu asirudie kazi. Sikujua kwamba vitone hivyo vilikuwa vimehamia sokoni na kuanza maisha yao wenyewe. Mtu yeyote mwenye msumari angeweza kuviiga, na nilitumaini kwa moyo wote kwamba hivi vilikuwa vya kuiga. Lakini panchi yangu ilivunjika ncha mwaka wangu wa kumi kazini, na kwa ubahili sikuibadilisha. Kitone chake kilikuwa na pengo upande mmoja, kama mwezi unaoanza kupungua.

Nilitazama kitone cha kwanza. Mwezi. Cha pili. Mwezi. Cha tatu sikukitazama.

Nilitoa uzi mfukoni. Nikamwonyesha Letaru namna ya kuuzungusha nyuma ya gurudumu la nyuma na kuuvuta mbele pande zote mbili, ukigusa tairi. Pikipiki iliyonyooka, nafasi kati ya uzi na gurudumu la mbele huwa sawa kulia na kushoto. Kulia vidole viwili vilipita. Kushoto hata ukucha haukupita. Nikapapasa chini ya shingo ya fremu, na chini ya rangi nikalikuta kovu la kuchomelea, limepigwa msasa likalainishwa.

Hapo nikakumbuka. Pikipiki ile ilikuwa imetumbukia kwenye kalvati karibu na Inde, ikapelekwa kunyooshwa kwa fundi mwingine mjini wakati mimi nikiwa na kazi nyingi. Ilirudi siku ya mwisho kabla ya mnada wa pikipiki kuukuu. Orodha ilikuwa mezani ikingoja saini yangu. Dereva akaniambia, "Mzee, imenyooshwa vizuri. Nimeiendesha mwenyewe, iko sawa kabisa." Uzi ulikuwa ukining'inia ukutani, hatua nne kutoka nilipokaa. Sikuuchukua. Nilimsikiliza mtu. Nikapiga vitone vitatu, nikatia saini, nikaenda nyumbani mapema.

"Babu," Letaru alininong'oneza, "iko namna gani?"

Msidhani kwamba jibu lilinijia kwa urahisi kwa sababu mimi ni mtu wa maadili. Lilikuwapo jibu lingine, zuri, la tayari: vitone hivi ni bandia, Hajji ametapeliwa au anatapeli, twende zetu. Jina langu lingebaki safi kama picha ya simu. Marehemu angeendelea kuheshimiwa, ukiacha ile pombe. Hajji angebaki uani kwake akiitwa mwongo kwa mara ya kwanza na mtu aliyekataa chai yake, na Letaru angekwenda kutafuta pikipiki nyingine yenye vitone vitatu.

"Fremu imepinda," nikasema. "Usiinunue hivi ilivyo. Na vitone ni vya kweli. Hajji, mimi ndiye yule marehemu."

Hajji alinitazama kuanzia kofia hadi viatu, akitafuta dalili za kaburi.

"Wewe? Ezati?"

"Na sinywi pombe."

"Wacha pombe!" Sauti ya askari ikatoka. "Mimi nilinunua hii kwa sababu ya vidoti yako! Kijana yangu analia kila siku: Baba, inavuta kushoto. Mimi namwambia, hapana, ni wewe ndiyo unavuta kushoto! Miaka mbili natukana mtoto wa watu, mtoto wangu mwenyewe, kwa sababu Fundi Ezati hawezi kukosea!"

"Alikosea."

"Kwa nini?"

"Mtu aliniambia iko sawa."

Kisha Hajji Rajabu akafanya jambo baya zaidi kuliko kupiga kelele: alicheka. Alicheka akashika nguzo ya kibanda. "Walikwambia!" alisema. "Wewe pia walikwambia!"

Letaru hakucheka. Alikuwa akihesabu siku kwenye vidole. "Leo ni Alhamisi," alisema taratibu. "Babu, injini ni nzuri?"

"Injini ni nzuri kuliko fundi wake."

"Fremu inanyooshwa?"

"Inanyooshwa, kama anayeinyoosha ana uzi na hamsikilizi mtu."

Akamgeukia Hajji. "Hajji, ikinyooka nitainunua. Isiponyooka hatujajuana. Babu atakaa hapa."

Hakuniuliza mimi. Bei walipatana wao. Mimi si dalali.

Nilikaa Koboko siku tatu, nikilala kwenye chumba cha yule kijana aliyetukanwa miaka miwili, ambaye kila asubuhi alinisalimia kwa heshima iliyozidi kipimo, na ilinichoma ipasavyo. Tuliivua pikipiki ikabaki mifupa. Kabla ya kitu chochote nilichukua tupa, nikavifuta vile vitone vitatu mpaka chuma kikang'aa. Hajji alisimama akitazama.

"Unaondoa kitu ya bei," alisema.

"Naondoa maneno."

Mchomeleaji wa pale sokoni alikata kovu la zamani, tukaifunga fremu kwenye reli ya chuma, tukapima, tukafungua, tukapima tena. Alinieleza mara nne kwamba imenyooka. Mara ya tano ndipo uzi ukakubali. Tukaongeza kipande cha chuma cha kukaza pembeni, tukatia beringi mpya za usukani zilizoletwa na basi kutoka Arua, na Jumapili baada ya adhuhuri niliikabidhi, nikiwa na grisi hadi kwenye nyusi, na nikiwa nimejiridhisha kiasi cha kuchukiza.

"Mjukuu wangu," nikaanza, "fremu sasa ni imara kuliko ilivyotoka kiwandani. Usukani nimeukaza kwa kipimo. Breki ya nyuma nime..."

Letaru alichukua helmeti yake, akaivaa, akafunga ukanda chini ya kidevu.

"Letaru, nazungumza."

Alionyesha masikio yake, akatikisa kichwa: hasikii. Kisha akapiga magoti kwenye vumbi.

Alishika injini kuona kama ni baridi. Alitoa uzi, si wangu, aliununua mwenyewe. Akauzungusha, akauvuta, akapitisha vidole kulia, akapitisha vidole kushoto, akarudia. Aligonga spoki zote, za mbele na za nyuma, moja moja, jua likimwakia mgongoni. Alitikisa gurudumu. Chai ilikuwa mezani, imepoa, na hakuna aliyethubutu kuigusa. Hajji aliniinamia.

"Huyu mtoto hana adabu," alisema kwa sauti ya mtu anayesifu.

Alipofika kwenye kanyagio la breki alisimama. Akapapasa nyuma yake kwa kidole kidogo. Akavua helmeti, akaja mbele yangu, akafungua kiganja kitupu.

"Babu. Pini iko wapi?"

Pini ile ndogo ndiyo huzuia fimbo ya breki ya nyuma isichomoke. Bila hiyo breki hufanya kazi vizuri sana, mpaka siku unayoihitaji. Nilikuwa nimeichomoa Ijumaa. Nilipapasa mfuko wa shati, nikapapasa suruali, na hatimaye nikaipata ndani ya kasha la miwani yangu, imelala salama kama yai.

Nilimpa. Akairudisha mahali pake mwenyewe, akaikunja ncha kwa koleo, akaivuta kuhakikisha, akajifuta mikono.

"Sasa tunywe chai," alisema.

Jumatatu aliondoka na baridi ya asubuhi kuelekea Midia. Nilirudi Arua, nako nikakuta habari zimenitangulia. Wengine walisema marehemu Fundi Ezati amefufuka Koboko. Wengine walisema anatengeneza pikipiki bure. Nawaombeni sana msiamini hili la pili.

Miezi mitatu ikapita. Watu waliniletea salamu: Letaru yuko vizuri, pikipiki yake haina shida, inakwenda kama risasi. Niliwashukuru wote. Kisha nikapanda gari hadi Koboko, na kutoka hapo nyuma ya bodaboda hadi Midia, nikamkuta kwenye zizi la mbuzi, sindano mkononi.

"Babu! Kuna nini? Si ungepiga simu?"

"Simu ingeniambia," nikasema.

Nilivaa miwani, nikapiga magoti mbele ya pikipiki, nikapitisha kidole gumba juu ya tairi la mbele, upande wa kushoto, kisha upande wa kulia. Limelika. Limelika sawasawa.